Siku Baba Alipokataa Kuondoa Kamio

Mwezi uliopita nilikuwa napanda kutoka Sake kwenda kwetu Kibabi, nikaona miguu miwili imechomoza chini ya kamio, lori la mizigo, kando ya barabara. Mwenye miguu alikuwa akiimba wimbo wa kanisani, akiukatiza kila mara ili agonge chuma. Nikamwomba dereva wangu asimame kidogo. Hakuelewa kwa nini, nami sikumweleza. Wewe nitakueleza.

Baba alikuwa na kamio moja, kuukuu, ya buluu iliyopauka. Siku za kazi iliteremsha hadi Goma maharagwe na mihogo ya wakulima wa milima yetu, ikarudi na chumvi, sabuni na mabati. Lakini siku ya posho, yaani Jumamosi, haikwenda popote. Baba aliinyanyua kwa kiriki, ile jeki yake, akatoa magurudumu, akaikagua kama mama anayemtafuta mtoto chawa. Hakutaka makanika. "Muntu mwenye analala mu nyumba njo anajua fasi yenye inavuja," alisema. Mama alikuwa akipika sombe, majani ya mihogo, uani, na harufu ya mafuta ya ngazi, yaani mawese, ikachanganyika na ya mazutu, dizeli ya kamio. Mpaka leo nikinusa moja naitafuta nyingine.

Kazi yangu, binti wa miaka kumi, ilikuwa kupanda kwenye kiti cha shofere na kukanyaga fre, yaani breki, wakati Baba anatoa hewa kwenye mirija. "Kanyaga! Shikilia! Achilia!" Ili nifike chini nilikalia ukingo wa kiti, nikashika usukani kwa mikono miwili.

Jumamosi moja asubuhi, fre zote mbili za nyuma zikiwa zimefunguliwa na vipande vyake vimetandazwa juu ya gunia, jirani yetu katekista alikuja mbio, shati halijafungwa vifungo.

"Kaka, bibi yangu anashindwa kuzaa tangu jana. Mukunga anasema tumupeleke hospitali, mbio."

Baba alisimama. Alitazama gunia, kisha barabara inayoteremka.

"Fre ya nyuma iko inje yote. Unipatie saa mbili."

"Saa mbili? Uzibe ya nyuma, tuende na ya mbele! Bengine banafanya vile."

"Banafanya, ndiyo. Na miye njo nilibeba maiti yabo."

Katekista alimtazama kama mtu asiyemjua. "Kama ingekuwa bibi yako, ungengoya?"

Baba alirudi kwenye gunia. Alipiga magoti, akaendelea kugonga misumari midogo ya shaba inayoshika fre mpya. Wanaume wakamlaza mgonjwa kwenye kipoyi, wakambeba mabegani, wakaondoka kwa miguu. Walipopita mbele ya ua wetu, mmoja alitema mate. Mama aliweka mwiko chini, akaingia ndani. Nami, nikuambie kweli, nilimwonea Baba aibu. Nilitamani awe baba wa mtu mwingine.

Hakuinua kichwa. Aliwahi kuniambia, "Mulima haijue kama uko na haraka," lakini siku hiyo alisema maneno yetu yale matatu tu. Kanyaga. Shikilia. Achilia. Pedali ilikuwa laini kama ndizi iliyoiva. Kisha, taratibu, ikaanza kuwa ngumu chini ya mguu wangu. Nililia huku nikikanyaga.

Magurudumu yaliporudi tuliwafuata kwa kamio, tukawakuta wabebaji mbele ya bonde la pili, wamelowa jasho, bado wana mteremko mrefu mbele yao. Walimlaza yule mama nyuma, juu ya godoro letu. Katekista alipanda naye bila kumsalimu Baba. Mimi niliketi mbele, nikingojea kitu kitokee, ng'ombe avuke ghafla au barabara iwe imekatika, ili wote waone kwamba Baba alikuwa na haki. Hakuna kilichotokea. Tuliteremka polepole, kona baada ya kona, kamio ikitii kila ilipoambiwa isimame.

Hospitalini walimpasua mara moja. Mtoto alikuwa wa kike, na mama yake aliishi. Muuguzi alisema tulikuwa tumefika kwa wakati, ila si kwa wakati mwingi. Maneno hayo Baba aliyasikia. Katekista alimshika mkono kwa muda mrefu, wote wawili wakitazama chini.

Nilipokuwa mtu mzima nilimuuliza Baba kama alikuwa na hakika siku ile. Akacheka kidogo. "Hakika ya wapi? Nilisharudisha gurudumu moja bila fre, nikatoa tena. Ulikuwa unalia, haukuona."

Vita vilipotuhamisha, kamio ilibaki Kibabi, na hakuna aliyejua ilikoishia. Mizigo mingi sasa inapita kwa pikipiki. Baba alizeeka Goma, katika chumba cha kupanga, Jumamosi zake hazina kazi. Alipofariki, nilisaidia kumwosha. Nilipofika kwenye vidole nilikuta kucha safi, nyeupe, bila grisi ya kamio, kama za karani. Nilikuwa nimejikaza siku nzima. Hapo nilishindwa, kwa sababu kwa dakika moja nilidhani wamenipa mikono ya mtu mwingine.