Mwenye Mstari Yuko Kwashemshi

Nina darasa la nne, na hilo la nne lenyewe niliondoka kabla mwaka haujaisha. Kila nilicho nacho hapa Handeni nimekipata kwa mwiko wa kujengea. Maduka matatu ya barabara ya sokoni ni kazi ya mikono yangu, na hayajapata ufa mpaka leo. Nasema mapema ili mjue mnasoma maneno ya nani. Sikurithi kitu, sikubebwa na mtu, hata kamba ya kunyooshea ukuta sijawahi kuazima.

Mashairi nilianza uzeeni, magoti yalipokataa kupanda jukwaa. Mteja wangu mmoja aliniunga kwenye kundi la wasapu la wapenzi wa mashairi. Mwenyekiti wa kundi ni mwalimu mstaafu wa Korogwe, mtu mkavu, hacheki. Nilipotuma shairi langu la kwanza alinijibu mbele ya watu wote: "Mzee, shikamoo. Mshororo wako wa tatu una mizani saba. Rekebisha."

Nikamwandikia: "Marahaba. Nyumba zote nilizojenga, hajatokea mtu wa kuhesabu matofali."

Akajibu: "Huku tunahesabu."

Nikampenda siku ileile. Nilitoka nje, nikachukua mwiko wangu wa zamani, nikawa nagonga tofali: nane, pumzika, nane. Toka hapo sijarudishiwa shairi.

Sasa sikilizeni. Mwaka huu, mvua zilipokuwa zimekatika na kazi hakuna, nilitunga shairi la mama yangu. Mimi ni mtoto wa kambi ya mkonge. Baba alikuja kutoka mbali kukata mkonge kwenye shamba moja kubwa upande wa Korogwe, mama akafanya kazi kwenye banda la brashi, kule nyuzi zinakosafishwa na vumbi halionyeshi mtu na mtu. Wote wawili walishatangulia. Nilitunga beti sita. Ubeti wa kwanza ni huu:

Kengele ikisikika, mama yuko mlangoni,
Mgongoni kaniweka, tunakwenda kiwandani,
Vumbi jeupe laruka, laingia kifuani,
Mkonge una miiba, ninao wanaongoja.

Mishororo mingine ilinitesa. Kuna mmoja ulinikalia siku tatu, mpaka nikaudhika na chakula. Lakini ule wa mwisho, kibwagizo, ulikuja wenyewe nikiwa naosha miguu uani. Ulikuja mzima mzima. Nilipoupima ulikuwa nane kwa nane, haupungui, hauzidi. Nikajisemea, kumbe mzee wewe ni mtunzi kwelikweli.

Nilituma asubuhi ya Jumapili. Kabla sijamaliza chai, simu ilikuwa inatembea juu ya meza kama mdudu. Makopa mekundu, mikono ya kupiga makofi, watu wananiita ustadhi, gwiji, sijui nani. Dereva wa lori aliandika kwamba alisimamisha gari pembeni ya barabara akalisoma mara mbili. Mama mmoja wa Tanga mjini alirekodi sauti yake akilighani, na Mungu ni shahidi, nilisikia nywele zikinisimama. Wote walikuwa wanataja mshororo mmoja. Mkonge una miiba, ninao wanaongoja. Wiki ya pili mtu akatuma picha: bajaji ya Korogwe, nyuma imeandikwa maneno yangu kwa rangi ya njano!

Nilitembea nayo ile picha soko zima. Niliwaonyesha wauza mbegu, nikamwonyesha kinyozi, nikamwonyesha mtu aliyekuja kununua saruji wala hanijui. Nyumbani nacheka peke yangu.

"We mzee," mke wangu akaniambia, "unavyoichekea hiyo simu, mtu atadhani umeoa tena."

"Nimeoa umaarufu."

"Basi mwambie huyo umaarufu aje akuchotee maji."

Siku tatu baadaye ikaingia sauti ya mwanamke. Alikuwa kwenye kundi siku zote, ila hakuwa anaandika. Sauti ya mtu mzima, taratibu, ya kule milimani:

"Kaka, kama wewe ni mkubwa kwangu, shikamoo. Kama ni mdogo, marahaba. Shairi lako zuri. Lakini hiyo mkonge una miiba si yako. Ni ya marehemu mama yangu. Aliitunga yeye, brashini. Mimi niko Kwashemshi, ukitaka kuuliza uliza."

Kundi likalipuka. Wengine wakamwambia bibi anatafuta jina. Wengine wakaanza kuniuliza mimi, kwa adabu ya kinafiki, "Mzee wetu, ebu tufafanulie." Mmoja wa Dar, kijana nadhani, akaandika, "Mzee kapiga kopi." Ile kopi iliniingia kama msumari. Mwenyekiti akaandika kwamba kwenye kundi lake wizi wa tungo ni dhambi kubwa kuliko mizani saba, akanipa mpaka mwisho wa wiki nitoe maelezo, la sivyo ananitoa.

Nilijibu kwa hasira, sifichi. Niliandika: "Mimi sijawahi kula cha mtu. Mshororo ule umetoka kichwani kwangu nikiwa naosha miguu, mke wangu shahidi. Huyo mama alete ushahidi."

Mke wangu akasoma. "Mimi shahidi wa miguu tu," akasema. "Ya kichwani siyajui."

Yule mama hakugombana. Akatuma sauti fupi: "Nakuuliza kitu kimoja tu, kaka. Baada ya hapo unaendelea wapi?"

Nilikaa na lile swali mkononi. Unaendelea wapi? Kwangu mimi ulikuwa hauendelei popote, ulikuwa mwisho wa ubeti. Lakini nilipojaribu kuusema kwa sauti, sikuusema. Niliuimba. Ulikuwa na sauti yake, ya kushuka halafu kupanda, na mimi si mtu wa kuimba. Ilikuwa kama siku ile niliyogundua msingi umepinda na ukuta umeshafika dirishani.

Kesho yake nilipanda basi la Korogwe. Nilimwambia mke wangu naenda kumkomesha yule mwanamke. Alinitazama tu, akanifungia mahindi ya kuchemsha.

Pale Korogwe nilichukua bodaboda hadi Kwashemshi. Kila mtu alimjua. Nilimkuta kwenye baraza ya nyumba yake anachambua maharage kwenye ungo. Mwembamba, mgongo umenyooka, na macho ya mtu asiyedanganyika kwa bei. Niliona mara moja kwamba ananizidi miaka.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Ndiyo wewe wa mkonge?"

"Ndiyo mimi."

"Nilidhani utakuwa mrefu. Kaa."

Nikakaa. Nikaanza hotuba yangu niliyoipanga tangu ndani ya basi, kwamba mimi ni mtu wa jasho langu. Akaniachia nikasema. Nilipomaliza akaniuliza mama yangu alikuwa banda gani, kambi gani, nikamwambia. Akaitikia kwa kichwa.

"Banda hilohilo. Mimi mama alinipeleka nikiwa na miaka saba. Watoto wachanga mlilazwa kwenye magunia nyuma ya banda. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza nzi."

Nikadakia. "Basi unanikumbuka!"

"Sikukumbuki hata kidogo. Mlikuwa wengi, na wote mlikuwa mnalia."

Akaweka ungo chini, akaimba. Hakusafisha koo wala nini. Sauti yake ilikuwa ileile iliyotoka kinywani mwangu jana yake, inashuka halafu inapanda:

Mkonge una miiba, ninao wanaongoja,
Nyapara mwenye kushiba, hajui njaa ya mja,
Nikikawia si mwiba, ni titi analingoja.

Mimi nilikuwa nimeshika goti.

"Kutoka kazini katikati ya kazi kulikuwa na adhabu," akaniambia. "Na nyapara hakuombwa, ukimwomba anakutukana. Mama akatunga huu. Mwanamke maziwa yakimjaa, au akisikia mtoto wake analia kule nyuma, anaanzisha. Wengine wanapokea, banda zima. Wakifika kwenye nyapara mwenye kushiba, yule bwana anaona aibu, anageuka kuangalia ukutani. Hapo mwenye mtoto anatoka mbio. Anarudi, mwingine anaanzisha."

"Kila siku?"

"Kila siku. Mara ngapi sijui. Wewe ulikuwa unasikia huo wimbo, unajua chakula kinakuja."

Mimi siku zote nilidhani wanaongoja ni watu wa nyumbani, ndugu, baba akirudi. Nilishawaeleza hata watu wa kundi hivyo, kwa mapana. Kumbe wanaongoja tulikuwa sisi tuliolala kwenye magunia. Mama yangu aliuimba huo wimbo na akatoka mbio kuja kwangu. Nilitoa leso nikajifanya nafuta jasho, na hakukuwa na joto.

"Lia tu," akasema. "Huku hakuna kundi."

Nikacheka, nikalia, vyote kwa pamoja. Halafu furaha ikanijaa, furaha ya ajabu, nikasimama nikawa natembea pale barazani. Nikamwomba aimbe tena. Akaimba. Nikaomba tena.

"Wimbo wenyewe una mishororo minne," akasema. "Wa nne umenipotea. Nautafuta miaka mingi. Ndiyo maana nilipoona wa kwanza kwenye simu nilishtuka, nikasema labda huyu anao wote. Sikuwa na haja ya kukuaibisha. Nilitaka huo wa nne."

Nilimwambia sina. Nilimwambia na huo mmoja niliokuwa nao si wangu. Nilivyoyatamka hayo maneno, mimi ambaye kamba sijaazima, niliona ajabu kwamba paa halikuniangukia.

Tukarekodi hapohapo. Nilianza mimi: "Mwenyekiti, na wote mlioko humu. Ule mshororo mnaousifu niliunyonya pamoja na maziwa. Mwenyewe ni marehemu mama wa huyu dada yangu hapa. Mishororo mingine yote ya shairi ni yangu, na hiyo asiiguse mtu. Sasa sikilizeni wimbo wenyewe." Akaimba yeye, na mimi nikapokea kibwagizo kwa sauti yangu mbaya. Akaeleza habari ya nyapara na ukuta. Mwisho akaongeza, bila kuniomba ruhusa: "Na ubeti wake wa tano umelala. Autazame."

Nilikuwa sijavuka daraja la Korogwe simu ikaanza. Sijawahi kuona kitu kama kile, hata ile Jumapili ilikuwa mchezo. Watu hawakuandika tena ustadhi. Walileta mama zao. Mmoja mama yake alikuwa kwenye chai, mmoja kwenye korosho, mmoja bibi yake alifanya kazi brashini huko Muheza na aliimba kitu kinachofanana. Yule wa Dar aliyeandika kopi akaandika, "Samahani mzee wangu," nikamjibu, "Marahaba," ingawa hakuniamkia. Mwenyekiti, mtu mkavu yule, aliandika mstari mmoja: "Mizani imetimia. Mzee abaki." Halafu akatangaza kwamba kundi zima litafute mshororo wa nne, na hakimu ni dada wa Kwashemshi peke yake.

Inakaribia mwezi sasa. Kila siku mishororo inaingia, mingine mizuri kupita kiasi, ina vina vya kung'aa. Anaisikiliza yote, anajibu kwa sauti, mbele ya kila mtu. "Huu hapana, huyu mama yake hakukaa brashini." "Huu hapana, mtu mwenye maziwa yamejaa hasemi maneno marefu hivyo." "Huu umetungwa na mwanaume." Watu wanacheka mpaka basi, na wanaleta mingine.

Mimi nimepeleka minne. Yote ameikataa. Wa jana aliukataa kabla sauti yangu haijaisha. "Mdogo wangu," akasema, "huo unajisifu. Mama hakuwa na muda wa kujisifu."

Nikachukua mwiko nikatoka uani, nikaanza upya kugonga tofali.