Sala za Asubuhi Nyumbani kwa Atlee

Mahlon Keim alihamia nyumba ndogo mwaka ule Atlee, kitindamimba wake, alipooa. Kwetu Ohio ndivyo tunavyofanya: kijana akishika shamba, wazee wanafungasha magodoro yao na kuingia nyumba ndogo iliyoegemezwa ubavuni mwa ile kubwa, wakanywe kahawa na kungoja wajukuu. Mahlon alifungasha kila kitu isipokuwa ubaba wa nyumba. Huo aliuacha kule kule, na kila alfajiri akaufuata.

Kati ya nyumba zile mbili kuna mlango. Ng'ombe wakishakamuliwa, Mahlon anausukuma bila hodi, anavuta kiti cha kichwani mwa meza, anasoma Biblia, halafu wote wanapiga magoti yeye aongoze sala. Atlee, mwenye nyumba, mwenye ndevu za mume wa mtu, zile tunazofuga tukishaoa, anapiga magoti pembeni kama mwanafunzi aliyechelewa.

Na tumpe haki yake, Mahlon alikuwa msomaji. Biblia alikuwa ameimeza na jalada lake. Mtaje mtu yeyote wa humo, atakwambia alimzaa nani na akazikwa wapi. Kwa ajili hiyo akajihesabu mwenye hekima, nasi tukamwacha ajihesabu, maana kumbishia kulitaka siku nzima na chakula cha njiani.

Wakati wa baridi, Dena, mke wa Atlee, alijifungua mtoto wa kike asiye na pumzi. Ardhi ilikuwa imeganda. Wanaume tulipokezana sururu mpaka kaburi likatosha, dogo vile. Dena akarudi kwenye kazi zake. Akakanda mkate, akafua, akanyamaza. Siku moja, mikono ikiwa kwenye beseni la vyombo, akasema, hata si kwa mtu: "Angeniachia huyu mmoja tu. Angepungukiwa nini?"

Mahlon alikuwa mezani, akila. Alisikia.

Asubuhi iliyofuata akafungua habari za Ayubu. Akasoma Ayubu alivyofiwa na watoto, na mkewe alivyofungua kinywa, na Ayubu alivyomjibu kwamba anasema kama wanawake wapumbavu. Hapo akatua. Akakohoa. Akaurudia mstari ule polepole, asije mtu akaukosa.

Dena akainuka, akatoka kwenye theluji bila shali. Sala ikasomwa bila yeye.

"Nimesoma Neno tu," Mahlon alimwambia mkewe, Lovina, waliporudi upande wao. "Neno likimkata mtu, kosa la nani?"

"La aliyeshika mpini," alisema Lovina, akaendelea kumenya viazi.

"Mwanamke anayemnung'unikia Mungu—"

"Baba Atlee, kunywa kahawa yako."

Baada ya siku chache Atlee alikuja kwa mlango wa nje, akapiga hodi. Ile hodi ilimshtua Mahlon kuliko maneno yenyewe.

"Kaka yake Dena ametupatia shamba Wisconsin. Theluji ikiyeyuka tunahama."

"Wisconsin! Kule ng'ombe wanaganda wamesimama!"

"Dena anagandia hapa hapa, Baba."

Mlango ulipofungwa, Mahlon akasema mkwe amemwibia mwanawe. Lovina alikuwa akiutazama ukuta, kule upande wa pili alikotarajia kusikia wajukuu.

Kila masika, kabla ya Meza ya Bwana, tunakaa ibada ya kupatana, nyumbani kwa mmoja wetu. Mashemasi wanapita benchi kwa benchi, mmoja kwa wanaume na mmoja kwa wanawake, wakimuuliza kila mtu kama ana amani na Mungu na wenzake. Akikosekana mmoja wa amani, Meza inangoja. Wengi tunasema ninayo. Wengine tunasema meno yameumana, lakini tunasema.

"Nina amani na watu wote!" Mahlon alijibu, sauti ikafika zizini.

Upande wa wanawake, wakubwa huulizwa kwanza. Shemasi akainama kwa Lovina.

"Sina," alisema.

Mzee mmoja aliyekuwa amesinzia akaamshwa na kimya.

"Huna amani na nani, dada?"

"Na mume wangu. Anaongoza sala katika nyumba isiyo yake, na amemrushia mfiwa Ayubu kama mtu anayefukuza mbwa kwa jiwe."

Mahlon akatazama viatu vyake. Masikio yalimwiva kama nyanya. Askofu akasema Meza itangoja, na tukatoka kimyakimya, hata wale wenye midomo kama sisi.

Njiani, farasi akijiendea, Mahlon akalipuka. "Umenivua nguo mbele ya kanisa zima!"

"Zamu ya Dena ilikuwa inakuja. Angesema yeye, angekuwa mkwe mwenye mdomo, na wangehama na jina hilo. Nimesema mimi. Mimi nimezeeka, jina hilo nitalibeba."

Mahlon akazishika hatamu ambazo farasi hakuzihitaji.

"Halafu," Lovina akasema, "miaka yote unatusomea, Nabali na Abigaili mbona huwasomi? Unawaruka."

"Siwaruki."

"Basi nisomee. Si unayo kichwani?"

Alikuwa nayo. Akaanza kwa ubishi: yule tajiri, kondoo zake, mkewe mwenye akili. Alipofika pale mtumishi anaposema bwana wake ni mtu asiyeambilika, sauti ikamwisha. Lovina hakumsukuma aendelee.

Jioni ile alizunguka nje, akapiga hodi kwa mwanawe. Dena akafungua. Mahlon alikuwa amejiandalia mistari ya kutosha ibada nzima, yote ikapotea.

"Yule mtoto," akasema, "mlimpa jina?"

"Hakuna aliyeniuliza, Baba."

"Nauliza mimi."

"Edna."

"Edna," akarudia, kofia mkononi. "Nilikukosea, Dena. Na yeye nilimkosea."

Dena akajifuta macho kwa aproni. "Mimi nimesikia. Kamwambie na Atlee. Nyumba uliyokuwa unaingia ni yake."

Atlee alikuwa zizini. Alimsikiliza baba yake mpaka mwisho, akisugua farasi. "Nitafikiri, Baba," akasema.

Kulipokucha, Mahlon alibaki upande wake. Sauti ya Atlee ikapenya mlangoni, ikisoma sala kama mtu anayetembea juu ya barafu. Akaruka mstari. Ulimi wa Mahlon ukamwasha. Lovina akamtazama. Mzee akapiga magoti pale alipo, akanyamaza, na mwanawe akamaliza kwa namna yake.

Theluji ikayeyuka. Hakuna aliyetangaza lolote, ila asubuhi moja Atlee alifunga farasi kwenye jembe, akaanza kulima shamba la mteremkoni. Mahlon akasimama dirishani, machozi yakishuka kwenye ndevu.

"Mstari umepinda," akasema baadaye.

"Acha upinde," alisema Lovina. "Ni wake."