Kivuli cha Kupimia Presha

Mama ana presha. Tukifika kituo cha afya hapa Lushoto, tulizoea kukaa kwanza chini ya mikaratusi mpaka jasho la kupanda mlima likauke, ndipo aende kupimwa. Mwaka huu miti ile ilikatwa, likajengwa banda la bati. Tulikaa humo kwenye joto. Nilimkazia macho nikiwaza kama presha itapanda kwa sababu ya bati, au kwa sababu nimemaliza chuo na sina kazi.

"Usinitazame hivyo, mwanangu," alisema. "Utanipandisha presha wewe."

Alipopimwa, ilikuwa imepanda sana. Mama aliomba arudi kupimwa kesho yake asubuhi, ukungu ukiwa bado umetanda. Daktari alikuwa ameshaanza kumwandikia dawa kali zaidi.