Mapazia Matano Meupe

Kama na wewe siku moja utaandaa nyumba ya mzazi wako ili ipigwe picha za kuuzwa, anza na jambo ambalo mimi sikulifanya. Kabla hujagusa kitu, simama mlangoni upige picha nyumba jinsi ilivyo. Hiyo si ya kumwonyesha mteja. Ni ya kukuonyesha wewe kila kitu kilikuwa wapi.

Nakuambia taratibu kwa sababu najua utakuwa na haraka. Mimi nilikuwa nayo. Nilipata siku nne tu za ruhusa kutoka Kisaki, ambako kazi yangu ni kuwaelekeza wakulima wa ufuta na mpunga, na mtu aliyezoea kuelekeza huamini kwamba kila kazi ina hatua zake, na ukizifuata haikushindi.

Nyumba iko Bigwa, pale mji unapoanza kupanda mlima. Shamba la mama la huko juu ni la ukoo wake, hilo haliuzwi na hakuna aliyewaza kuliuza. Lakini nyumba hii waliijenga yeye na baba, wawili, chumba kwa chumba. Baba alipofariki, dada yangu mkubwa aliyeko Dodoma na mimi tulikubaliana iuzwe, mama akaishi kwa dada. Mama hakubisha. Aliomba kitu kimoja: akae humo mpaka siku mnunuzi atakapokabidhiwa funguo.

"Msinitoe kabla," alisema. "Nikitoka, nitoke mara moja."

Dada alikubali kwa shingo upande, na akaweka sharti. Siku atakayosikia mama ameanguka, au anashindwa kujihudumia, anakuja na gari siku hiyo hiyo.

Dalali alikuja asubuhi ya pili. Alikuwa mwanamke mchangamfu, simu mkononi, raba zenye tope miguuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mlima umefunguka leo?"

"Umefunguka, unaonekana mpaka juu kabisa."

"Vizuri. Utapata picha nzuri."

Nilidhani mama anamchangamsha mgeni. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, uso dirishani, na mlima ulikuwa umejaa dirisha zima.

Dalali alizunguka sebule polepole. Kila kochi lilikuwa na vitambaa vya kufuma, kimoja mgongoni na viwili mikononi. Meza ilikuwa nacho, redio ilikuwa nacho, hata mfuniko wa jaba la maji kwenye korido ulivishwa chake.

"Kaka," aliniambia, "hapa ni sebuleni au ni duka la vitambaa?"

"Ni duka," mama alidakia. "Na wewe tangu uingie hujanunua hata kimoja."

Tulicheka wote watatu. Kisha dalali akanieleza, na alieleza vizuri, sina la kumlaumu. Mteja akiangalia picha, alisema, anataka ajione yeye mle ndani, asimwone mwenye nyumba. Kwa hiyo vitambaa vitoke, kalenda ya parokia itoke, viti vya ziada viende stoo, jaba litoke kwenye korido. Halafu alisimama mwanzoni mwa korido akatikisa kichwa. Milango mitano, na kila mlango una pazia la aina yake.

"Haya yanaifanya nyumba ionekane nyembamba. Ukipata meupe, yanayofanana, utaona mwanga unavyotembea. Nitarudi kesho saa tisa, jua likiwa upande huu."

Nilishuka mjini nikanunua mapazia matano meupe. Niliporudi nilianza kazi, na ninakiri niliifurahia. Nilimweleza mama kila hatua, kama ninavyowaeleza wakulima: sasa natoa hiki, kwa sababu hii. Alikuwa akiitikia, "Haya, baba." Niliposhusha mapazia ya zamani aliuliza, "Na hayo yote?"

"Yote, mama. Nayafua kabisa, yamechoka."

"Haya."

Sasa niyataje, maana wakati ule niliyaona matambara tu. Mlango wa chumba chake ulikuwa na mahameli nzito, na pembeni yake msumari uliotundikwa rozari. Chumba cha wageni kilikuwa na kitenge kigumu. Pazia la bafuni lilikuwa khanga iliyofungwa fundo chini. La jikoni lilikuwa la nailoni, limeshika moshi wa miaka. La mlango wa nyuma, unaotokea kwenye ngazi saba za mawe, lilikuwa shuka kuukuu lililoshonewa vifungo vya shati pembeni. Vifungo vile vilinishangaza. Niliona ni mambo ya wazee, nikalitumbukiza shuka kwenye beseni la sabuni pamoja na mengine.

Usiku ule mama alisema amechoka, akaniomba nimpelekee maji chumbani, akalala mapema. Asubuhi alikaa kwenye kiti chake na hakuinuka. Nilimletea chai. Nilijiambia anaona uchungu wa kuiacha nyumba, nikampa nafasi.

Dalali alifika saa tisa kama alivyoahidi. Korido ilikuwa nyeupe, sakafu inang'aa, na kweli mwanga ulitembea. Alipiga picha kwa nusu saa huku akishangilia. "Kaka, una kipaji! Acha mambo ya ufuta uje tufanye kazi." Alimuaga mama, akateremka.

Nilikwenda uani kugeuza mapazia kwenye kamba. Niliporudi ndani nilimkuta mama kwenye korido. Mkono mmoja ulikuwa umeshika pazia la mlango wa nyuma, akilipapasa ukingo kutoka juu kwenda chini na kurudia tena. Mguu wake mmoja ulikuwa umeshavuka kizingiti, unatafuta sakafu mahali ambapo hapakuwa na sakafu.

"Mama, hapo ni nje."

Aliurudisha mguu polepole. "Nje," alisema. "Nilidhani ni bafuni. Kumbe pale nilipopita ni jikoni, wala hapanuki jikoni." Kisha akainamisha kichwa. "Nimechelewa, baba."

Gauni lake lilikuwa limelowa.

Mtoto wa kiume hamvui mama yake nguo. Nilimwambia nimwite jirani, akakataa kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Kwa hiyo nilimshika mkono nikamwingiza bafuni, nikaweka ndoo ya maji karibu na mguu wake ili aiguse, nikatoka. Nikasimama nje, nimegeuza uso ukutani, nimenyoosha mkono na khanga kavu kupitia pembeni ya lile pazia jeupe. Nilikaa hivyo muda mrefu. Ndani nilisikia maji, kisha vidole vyake vikitafuta khanga, vikigusa hewa, vikigusa ukuta, mpaka vikaipata.

Alipokwisha kukaa nilimuuliza tangu lini.

"Tangu kabla ya Kwaresima."

"Na hospitali?"

"Nilikwenda. Wakasema presha ya macho. Dawa ya matone ninayo. Ila kilichokwisha kuondoka wakasema hakirudi." Alinigeuzia uso. "Wewe nakuona kama mtu aliyesimama nyuma ya moshi. Unaonekana mnene."

"Mimi si mnene, mama."

"Basi ni moshi."

Niliangalia sebule yangu safi, na ndipo nilipoielewa. Vitambaa vilimwonyesha kochi lipi na mkono upi. Jaba la maji lilimwambia amefika katikati ya korido. Hakuwa ameiacha nyumba ichakae. Alikuwa ameiandika upya yote, kwa vidole, ili akae humo mpaka siku ya funguo, na mimi nikaifuta kwa siku moja huku nikimweleza kila hatua.

"Kwa nini hukunizuia?"

"Ningekuzuiaje bila kukuambia? Nikikuambia wewe, dada yako naye atajua. Anakuja siku hiyo hiyo na gari."

Nilikimbilia uani nikayarudisha mapazia yakiwa bado mabichi. Nilifikiri ni kazi rahisi. Lakini moshi ulikuwa umetoka kwenye nailoni, khanga ilikuwa imefunguka fundo na sikujua lilifungwa kiasi gani, na vitambaa vilikuwa zaidi ya ishirini. Nilikiweka kimoja, mama akakipapasa, akasema, "Si hiki." Nikaweka kingine. "Si hapo, mbele kidogo." Picha za dalali zilikuwa zimeshafika kwenye simu yangu. Nilizipekua zote na hakuna iliyoweza kunisaidia, kwa sababu nilichokuwa nakitafuta hakikuwemo.

Tukiwa katikati ya hayo dada akapiga.

"Nimeziona! Mdogo wangu, hongera sana. Dalali anasema Jumamosi kuna watu wanakuja kuiangalia, na mimi nitakuwepo. Mama anaendeleaje?"

Mama alikuwa ameshika kitambaa kifuani, hapumui.

Ningesema ukweli, mama asingelala tena nyumbani kwake. Ningeuficha, na zile ngazi saba zilikuwa pale pale.

"Mama mzima," nilisema. "Anakusalimia."

Nilipokata simu mama alivuta pumzi. Kisha akauliza, "Jumamosi utayarudisha yale meupe?"

"Dalali atataka nyumba ifanane na picha."

"Basi usihangaike na haya ya zamani. Nifundishe hayo meupe."

Nikayashusha tena mapazia mabichi, nikatundika meupe. Nikamfundisha, kama ninavyofundisha, bila haraka. Kutoka kwenye kiti, hatua sita mpaka korido. Mkono wa kushoto ukutani. Pazia la kwanza, chumba chako. La pili, wageni. La tatu, bafuni. La nne, jikoni. La tano usiliguse. Nilimwambia anafanya vizuri, na kweli mara ya kwanza alifika bafuni bila kukosea. Mara ya pili pia. Alifurahi, akataka tuharakishe, atembee kama mtu anayeona.

Mara ya tatu alipoteza hesabu. Nilimwona akilipita pazia la tatu, akilipita la nne.

"Turudie," alisema. "Na usinisemeshe njiani. Jumamosi hutanisemesha."

Akarudi kitini. Mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma, nikashuka ngazi moja, nikageuka. Nilisimama pale juu ya jiwe, mikono nimeitanua, uso kwenye kitambaa cheupe, nikisikiliza miguu yake ikija.