Kikwembe cha Mama Kibawa Kwenye Ukuta wa Golf

Ninyi vijana wa Lubumbashi mnaovaa vizuri jioni kwenda kutazama maonyesho, kaeni kwanza niwaambie. Naona wajukuu wangu wanapitishiana matangazo kwenye telefone: mwezi ujao kuna maonyesho katika nyumba moja ya Golf, mtaa wa wenye mali, mengine katika hangar, ghala la zamani karibu na reli, mengine mjini. Vizuri. Nendeni, sikatazi mtu kutazama. Lakini haya nitakayosema yalitokea, na sikuyasikia kwa mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa pale, macho yangu mazima, jua halijazama bado. Mimi ni mtu wa misa, si mtu wa kukimbilia kila nabii wa barabarani. Mwenye kutaka kucheka acheke, ila asome mpaka mwisho.

Msanii wa nyumba yangu ni mjukuu wangu Ngoie. Zamani msanii alikuwa mtu wa kuchora kuta za baa. Ngoie hachori. Alizunguka mtaa wetu wa Katuba akaomba kila mama kikwembe kimoja anachokipenda, kitenge cha kujifunga, akavishona pamoja vikawa ukuta mzima, kutoka dari mpaka chini. Siku ya kufungua maonyesho alitaka kusimama mbele ya ukuta ule, amejifunga kikwembe, asiseme neno, watu wamtazame.

Nilimuuliza, "Sasa bantu batatoka kwabo kuya kutazama muntu anasimama tu?"

"Kambo," akajibu, maana ndivyo wajukuu wangu wanavyoniita bibi yao, "njo art contemporain, sanaa ya leo."

"Kama njo vile, miye niko nafanya yake kila saubuhi pa robinet, nangojea mayi."

Alicheka sana siku ile. Ninakumbuka kile kicheko kwa sababu siku chache baadaye nilikisikia kikitoka katika kinywa kisicho chake.

Kuna desturi moja ambayo lazima muijue, maana wengi wenu mmezaliwa mjini na hamuijui. Kwetu mtu akifa, nguo zake zinafungwa furushi moja. Hakuna anayelifungua mpaka ndugu wafike. Wakifika, wanachagua mmoja, wanamkalisha kwenye mkeka mbele ya watu, wanamvika nguo ya marehemu na kumwita kwa jina lake. Hiyo ndiyo kupyana. Tangu siku hiyo fasi ya marehemu, nafasi yake, ina mwenyewe, naye anaenda zake kwa amani. Sasa mtu akiivaa nguo ile kabla ya mkeka, bila shahidi, je? Amejikalisha mwenyewe. Amechukua fasi ya mtu ambaye hajaaga. Na marehemu atafanya nini, kama si kutafuta fasi nyingine? Fasi iliyo karibu ni ya yule aliyevaa nguo yake.

Jirani yangu Mama Kibawa alikufa masika hayo. Alikuwa akiuza samaki wakavu wa Pweto, na tulizeeka pamoja, ukuta kwa ukuta. Mtoto hakuwa naye. Ndugu zake wa Pweto walikuwa wamekwama njiani, Kasomeno, kwa ajili ya barabara mbaya, kwa hiyo furushi lake niliwekewa mimi, juu ya kabati langu. Ngoie alilijua. Alijua pia kwamba ndani mle kulikuwa na kikwembe cha buluu chenye ndege wa manjano, kizuri kuliko vyote vya Katuba.

Siku moja kabla ya ufunguzi Ngoie alinitumia teksi, niende kumwangalizia mishono. Nilifika Golf jua limeinama. Mlinzi alinifungulia geti, akarudi kwenye redio yake. Ndani kulikuwa na kuta nyeupe kama za hospitali na baridi ya sementi. Mwisho wa chumba, mbele ya ukuta wa vikwembe, Ngoie alikuwa amesimama, kanipa mgongo. Kiunoni mwake nikaona buluu, nikaona ndege wa manjano, kikwembe kilichopaswa kuwa juu ya kabati langu.

Kabla sijasema neno nikaona hatukuwa wawili tu. Kwenye kiti cha plastiki kando ya dirisha aliketi mwanamke, kitambaa kichwani, uso ameuinamisha, na chini amevaa jupon, sketi ya ndani, peke yake, kama mtu aliyevuliwa kikwembe njiani. Niaminini, kwanza nilidhani naye ni sanaa. Si mmesema mtu akikaa kwenye kiti ni sanaa?

"Ngoie," niliuliza polepole, "ule ni nani?"

Alijibu bila kugeuka. "Anafika tangu saubuhi. Anasema iko nangojea kintu yake."

Yule wa kwenye kiti akacheka. Kicheko cha Ngoie, kilekile, chenye kuvuta pumzi mwishoni. Akasema, bado ameinama, "Kambo, unachelewa."

Katika dunia hii wanaoniita Kambo ni wajukuu wangu tu.

Sikumjibu. Hilo nawaambia ninyi pia: kuna sauti ukiijibu umeikubali. Nikamtazama mjukuu wangu, nikitumaini atashangaa. Hakushangaa. Aligeuka, mkono kiunoni, miguu ameipanua kama mtu aliyesimama sokoni tangu alfajiri, akaniambia, "Mama Odilo, weye na uoga yako. Samaki ya Pweto inafika? Bantu banalala nayo njiani mpaka inaoza."

Odilo ni mwanangu wa kwanza, baba yake Ngoie. Mjukuu haniiti hivyo. Aliyekuwa akiniita hivyo, na kunichokoza kwa uoga wangu, alikuwa chini ya udongo wa makaburi. Na pale aliposimama Ngoie kulinuka samaki, wapi? Katika chumba kilichopakwa rangi juzi.

"Vua hiyo kikwembe," nikasema.

"Juu ya nini nivue nguo yangu?"

Alisema nguo yangu. Nikasikia kiti kikisogea. Yule mwanamke alikuwa anainuka, na nikaona kwa pembe ya jicho kwamba jupon haipo tena. Alikuwa na suruali ya jean yenye madoa ya gundi, jean ya Ngoie. Kitambaa kilikuwa kimeteleza, na kwenye paji la uso kulikuwa na kovu. Kovu lile ninalijua. Ngoie aliungua na sufuria ya bukari, ugali wetu, akiwa mdogo, mimi ndiye niliyempaka asali. Nikatazama paji la mjukuu wangu. Lilikuwa laini, halina kitu.

Hapo nilielewa kwamba nikingoja kidogo tu, nitarudi Katuba na yule wa kwenye kiti, na nitampikia, na nitampenda, na sitajua.

Kukimbia? Nimkimbie nani, na kumwacha nani? Nilimkamata Ngoie kiunoni. Fundo lilikuwa limekaza kama limeshonwa. Alinipiga mikono, akanitukana matusi ya sokoni ambayo sikumfundisha. Nikatumia meno. Fundo likaachia. Kisha nikaenda na kikwembe mkononi mpaka kwa yule mwingine, macho yangu chini, nisimwone uso, nikamfunga kiunoni kwa mikono yangu kama tulivyomfunga siku ya kumwosha. Kiuno kilikuwa baridi, udongo mtupu wa mvua.

Nikasema, "Kibawa, mwenzangu, nguo yako njo hii. Hakuna mwenye alimukalisha huyu mutoto pa mukeka. Miye njo shahidi, na ninakataa. Bandugu yako beko njiani."

Akauliza, kwa sauti yake mwenyewe sasa, yenye uchovu, "Na fasi yangu, Mama Odilo?"

"Itapata mwenyewe. Lakini haiko huyu."

Nilihesabu pumzi zangu, maana zake hazikuwepo. Kisha mikono yangu ikawa imeshika nguo tupu. Nyuma yangu Ngoie alikuwa amekaa sakafuni, amevaa jean yake, na kovu lake liko kwenye paji la uso.

Maonyesho yalifunguliwa. Ngoie hakusimama mbele ya mtu. Katikati ya ukuta wa vikwembe kulibaki pengo la kikwembe kimoja, na watu wa Golf walilizunguka na bilauri zao wakisema ndilo zuri kuliko yote. Waliuliza maana yake. Hakuwaambia. Ndugu wa Pweto walifika, wakamkalisha mpwa wa marehemu kwenye mkeka, kila kitu kikafanywa vizuri.

Je, yamekwisha? Ngoie yuko, anafanya kazi, mwezi ujao naye ataonyesha pale mjini, na vitambaa anavinunua vipya dukani. Lakini akipita soko anajua kwa pua gunia gani limeoza, yeye ambaye hajawahi kuuza samaki. Na mara nyingine akisinzia karibu nami ananiita Mama Odilo. Simwamshi ghafla. Ninangoja mpaka aniite Kambo, ndipo ninajibu. Mlango uliofunguliwa mara moja, nani atawaambia umefungwa sawasawa?

Kwa hiyo ninyi wenye kutafuta vitu vya zamani kwa ajili ya kazi zenu, ulizeni kwanza vina nani ndani yake. Na mimi nimezeeka, kwa hiyo niliwaita wote wa nyumba yangu, nikawaambia Ngoie akisikia: siku nikifa msingoje ndugu wa mbali. Kabla ya kuwapa watu wa kilio chai, mfungue furushi langu, mkalishe mmoja kwenye mkeka mbele ya watu, mgawe kila kitu. Na Ngoie, ambaye ninampenda kuliko ninyi wote, msimpe hata kitambaa cha kichwa.