Vijiko Vitatu vya Shatta

Mpaka leo wako watu hapa Juba, mtaani Hai Cinema, wanaoniita Mama Weka, na nikisikia naitwa hivyo sokoni najifanya nachagua nyanya, kwa sababu jina langu ni Mama Wani na hilo la pili nililipata kwa aibu, jioni moja ya Alhamisi, kwa mikono yangu mwenyewe, mbele ya mkuu wa kazi wa mume wangu na nusu ya watu waliokuwa wanakwenda kuangalia picha. Leo naeleza yote. Ila mkicheka chekeni taratibu, maana mwenye uzio ule bado ni jirani yangu na masikio yake ni mazuri kuliko yangu.

Chanzo ni wivu. Sizunguki. Tulikuwa tumerudi kutoka Uganda baada ya amani, juu ya lori, na watoto watatu na godoro moja, na mimi nimekulia Arua, kwa hiyo Kiswahili ninacho lakini Kiarabu cha Juba wakati ule kilikuwa kinanipita, nashika neno moja naacha manne. Baba Wani akapata ukarani serikalini, tukapata nyumba, na upande wa pili wa uzio wa matete akawa anakaa Mama Keji, mjane, katoka Khartoum, ana mwanya, anajifunga toub, lile vazi refu la kujizungushia la wanawake wa Khartoum, ya rangi ya limau hata akienda kumwaga maji machafu (nani anavaa hivyo kumwaga maji?). Marehemu mume wake alisoma darasa moja na mume wangu. Sasa Mama Keji hajui kusoma, na kaka yake aliyekuwa masomoni Nairobi alikuwa anamwandikia kwa Kiingereza, kijana alijiona hawezi tena kuandika lugha nyingine, basi kila barua ikija Baba Wani anaitwa kwenda kuisoma.

Niambieni, barua ya kurasa mbili inasomwa kwa muda gani?

Maana anaondoka jua bado liko juu, anarudi mimi nimeshapakua, kipaji cha uso kinatoka jasho, midomo inang'aa mafuta, na anasukuma sahani yangu pembeni kwa kidole kimoja. Anasema ameonja kidogo tu kule. Kidogo tu! Ameonja mkate wa mafruma, yaani nyama iliyosagwa, ikakaangwa na vitunguu, ikamwagiwa salsa, yaani nyanya ya kopo, halafu ikashindiliwa ndani ya samuli, ile mikate midogo ya dukani, mtu anakula kwa mkono bila sahani. Mama Keji alikuwa anawapikia watoto wake siku za kazi kwa sababu ni chakula cha haraka, sufuria moja na basi. Mimi narudi kutoka kwenye cherehani yangu sokoni, nasonga posho, yaani ugali, mpaka mabega yanauma, nachemsha maharage tangu mchana, na mume wangu ananiambia Mama Keji anamaliza kupika kabla chai haijapoa.

Nikavumilia. Kisha watoto wangu nao wakaanza kupita kwenye tundu la uzio saa ya chakula. Kisha Kiden, wifi yangu, mdogo wake Baba Wani tuliyekuwa tunakaa naye, akasema anakwenda kwa Mama Keji kujifunza kupika. Kujifunza kupika! Mimi nipo, nina mikono miwili, ni mke wa kaka yake, na yeye anakwenda kujifunza kwa jirani. Usiku ule sikulala vizuri. Niliona wazi kwamba nisipofanya kitu, nitabaki na nyumba yenye meza na viti, na watu wake wote watakuwa wanakula upande wa pili wa matete.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulioniponza. Ningeweza kumuuliza Kiden, alikuwa analala chumba cha pili. Ningeweza kwenda kwa Mama Keji nikasema dada, nifundishe. Lakini midomo yangu haikukubali. Nikaamua nitasikiliza.

Siku ya somo nikabeba karai, nikachuchumaa nyuma ya uzio, nikafua shati moja la Baba Wani mara nne (shati lenyewe lilikuwa safi). Mama Keji alikuwa anasema na Kiden Kiarabu, polepole kama mwalimu. Vitunguu nikashika. Nyama nikashika. Salsa nikashika, na kwamba maji yasiwe haba. Halafu akasema mwisho kabisa, sufuria ikishashuka motoni, shatta, na hapohapo mtoto wake mkubwa akaanza kutwanga kitu kwenye kinu, du du du, sikusikia kitu, kinu kikanyamaza, na sauti ya Mama Keji ikaja safi kabisa: "Weka, talata malaga."

Talata ni tatu. Malaga ni kijiko. Na weka, jamani, weka ni weka. Nikajisemea, tazama mwanamke huyu, hata Kiswahili chetu sasa anakichukua. Shatta, weka vijiko vitatu. Nikaingia ndani nimeloa mpaka magotini na nimefurahi.

Siwezi kusema sikushtuka. Vijiko vitatu vya pilipili ya unga ni vingi. Lakini nikafikiri, watu wa Khartoum vinywa vyao vimezoea, na si ndiyo maana mume wangu hurudi anatoka jasho? Kila kitu kikakaa mahali pake. Wivu una akili sana ya kupanga vitu.

Nikamwambia Baba Wani Alhamisi naalika wageni. Nilitaka Mama Keji mwenyewe akae mezani kwangu aone, na nilitaka shahidi ambaye mume wangu hawezi kubishana naye, kwa hiyo nikasema amlete mkuu wake wa kazi. Baba Wani akaniuliza napika nini. Nikasema utaona. Akasema, "Mama Wani, pika tu chakula chako." Lakini mimi nilisikia kwamba anamtetea yule.

Mashine ya kusagia nyama sikuwa nayo, nikaikatakata kwa kisu mpaka kiganja kikavimba. Ikachemka, ikanukia, nikaonja, nzuri. Mkuu akafika amevaa kaunda suti nyeupe iliyopigwa pasi ikakaa kama karatasi. Mama Keji akaja na toub yake ya limau na wanawe wawili, akakaa, na mume wangu akamvutia kiti (mimi katika nyumba ile sijawahi kuvutiwa kiti). Nikarudi jikoni na hasira hiyo mkononi. Nikashusha sufuria, nikachukua kijiko kile kikubwa cha kupakulia, maana hakuna aliyesema kijiko kipi, nikahesabu shatta moja, mbili, tatu, nikakoroga, nikajaza mikate. Sikuonja tena. Wageni walikuwa wanangoja.

Mkuu akashukuru, akauma. Mchuzi ukatokea upande wa pili wa mkate, wote, ukashuka kifuani kwenye ile suti nyeupe mpaka mapajani. Akacheka kwa heshima, akasema si neno, akaendelea kutafuna. Mama Keji alikuwa ameshika mkate wake, haujafika mdomoni, unadondoka kwenye vidole, akaufungua akatazama ndani, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Weka wen?"

Wen ni wapi, hilo nilikuwa nalijua. Weka wapi? Mbele ya wageni ananiuliza aweke wapi, mtu aliyezoea chakula hiki kuliko sisi wote! Nikaona ananidharau. Nikamjibu na tabasamu pana: "Mdomoni, Mama Keji. Wewe weka mdomoni tu."

Akaufunga mkate wake tena. Akaweka mdomoni.

Basi. Wa kwanza kulia alikuwa mtoto wangu wa mwisho, kisha wa Mama Keji wote wawili kwa pamoja. Kiden akatema kwenye kanga. Mimi mwenyewe niliuma nikaona masikio yananiziba. Mezani kulikuwa na jagi moja la maji na kikombe kimoja, na Baba Wani, machozi yanamtiririka, akajaza kile kikombe na kumpa Mama Keji kwanza. Kwanza! Ulimi wangu unaungua, na bado niliona, na nikahesabu: Mama Keji, watoto, Kiden, halafu mimi.

Mkuu hakungoja zamu. Aliinuka na kiti kikaanguka, akatoka nje mbio kwenye mtungi wa maji uliokuwa mbele ya nyumba, akaingiza uso mzima ndani, akautoa, akapiga kelele, "Nimechomwa! Nimechomwa!"

Kumbukeni tuko Hai Cinema, saa ile watu wanapita kwenda picha, barabara imejaa. Wanamwona mtu mzima wa heshima, suti nyeupe imejaa wekundu kuanzia kifuani, anashika tumbo, anasema amechomwa. Nani angefikiria pilipili? Mmoja akasema ni kisu, mwingine akasema amemwona aliyechoma akiruka uzio, na kabla sijafika mlangoni kiwanja chetu kilikuwa kimejaa watu, wanaume wawili wameshamlaza mkuu chini kwa nguvu wanatafuta kidonda, naye anapigana nao kwa sababu wanamtoa kwenye maji. Askari akatokea. Akauliza huyu bwana kachomwa na nani.

Wani wangu, miaka saba, kamasi zinatoka, akaninyooshea kidole. "Na mama."

Nilishikwa mkono, ndugu zangu. Na askari, mbele ya watu wa picha, aproni yangu nayo nyekundu. Baba Wani akatoka akasema hapana, afande, ni mkate. Askari akauliza mkate gani unaochoma mtu, akaletewa, akamega, akaonja. Akauachia mkono wangu, akaenda kwenye mtungi, akanywa, akaondoka bila kuandika kitu. Watu walicheka mpaka wengine wakachelewa picha. Mkuu akaenda kwake na shati la Baba Wani lililogoma kufunga vifungo, hakuaga.

Nikarudi ndani nikamkuta Kiden anauliza nani alinipa kipimo cha vijiko vitatu. Nikasema ni Mama Keji mwenyewe, nimemsikia kwa masikio yangu akisema shatta, weka vijiko vitatu. Kiden akaniangalia, akamwangalia Mama Keji, akaanguka kwenye mkeka kwa kicheko. Kumbe shatta ilikuwa nusu kijiko cha chai, na kinu kilikuwa kimeimeza nusu yangu. Vile vijiko vitatu vilikuwa vya weka, na weka si weka. Weka kwao ni bamia iliyokaushwa ikasagwa unga, ndiyo inayoshika mchuzi usimwagike kwenye mkate. Kwetu Arua bamia tunaipika mbichi, mimi unga huo sikuwa naujua hata kwa jina. Mama Keji alikuwa ameniuliza weka iko wapi, na mimi nikamwambia mdomoni.

Baba Wani alicheka akiwa amefunika uso. Mimi sikucheka. Mama Keji akaenda kwake, akarudi na kopo la weka na bakuli la dakwa, ile siagi ya karanga, akamwaga mchuzi uliobaki kwenye sufuria kubwa na nyanya nyingi, akaupunguza ukali, na kabla chai haijapoa, kweli kabisa, chakula kikawa tayari. Watu wangu wakala. Wakala mezani kwangu, nyama niliyoikata mimi mpaka kiganja kikavimba, na kila aliyelamba kidole alimshukuru Mama Keji. Ule mchuzi wa pili uliniunguza kuliko wa kwanza.

Tulipokuwa tunaosha vyombo, sisi wawili, nikamwambia bila kumtazama kwamba nilisikiliza kwenye uzio. Akasema anajua, aliona karai. Akasugua sufuria, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Mama Wani, mimi pia iko nasikiliza. Kila siku. Wewe nagombana na bwana yako kwa sababu ya chumvi, yeye najibu, wewe najibu. Kwangu watoto nakula, nalala. Hakuna mtu ya kugombana. Mimi iko na wivu na wewe sana."

Nilikuwa nimeshika kikombe kile kimoja. Nikakifuta mara nyingi kuliko kilivyohitaji.

Tangu siku ile nimeapa, nisichokijua nakiuliza kwa mdomo, hata kama anayejua amevaa toub ya limau. Kopo la weka linakaa jikoni kwangu, mkate wa mafruma napika kila Alhamisi, hausalimii shati la mtu, na Mama Keji na wanawe wanakula kwetu siku hiyo. Lakini msidhani wivu umeisha, nisiwadanganye. Barua za Nairobi sasa zinasomwa mezani kwangu, kwa sauti, na Baba Wani akisema chumvi haitoshi namgombeza palepale, ili jirani yangu asikie vizuri bila kuchuchumaa.