Posa Iliyonikuta Juu ya Bati

Nianze kwa kukiri, maana Visiga nzima, huku kwetu Kibaha, inajua na wengine wenu mmeshaletewa habari ikiwa imetiwa chumvi: ndiyo, siku wageni wa posa yangu walipofika kutoka Kisarawe, mimi mtarajiwa nilikuwa juu ya bati, nimelala kifudifudi, nimevaa dera la mama lililochanika kwapani, na povu limenifika kwenye nyusi. Lile la kwamba nilimwangukia mshenga ni uongo. Iliyoanguka ni ndoo.

Chanzo ni ubishi wangu. Kwetu nguzo za umeme hazijafika, tunatumia sola, na sola hiyo ndiyo inayoendesha mashine ya mama ya kutotolesha vifaranga. Wiki ile mayai yalikuwa yamefika siku ya kumi na tisa (vifaranga hutoka siku ya ishirini na moja, kwa hiyo humo ndani walikuwa viumbe kamili waliobakiza kugonga mlango tu), na umeme ukaanza kuishiwa nguvu. Joto likishuka, kengele ya mashine inalia. Ikilia muda mrefu bila kushughulikiwa, vifaranga wote wamekufa, na mama ana wateja Kongowe aliokwisha kuwaahidi. Fundi akaja, akazitazama betri kwa mbali kama anayetazama maiti asiyemjua, akasema, "Mama, hizi zimekufa. Nunua mpya."

"Umezipima?" nikauliza.

"Dada, kazi hii nina miaka mingi."

"Sijauliza miaka. Nimeuliza kipimo."

Mama akanikanyaga mguu. Fundi akaondoka amenuna, na mimi (chuo kilinifundisha mambo machache, lakini kuuliza "umejuaje?" kilinifundisha vizuri) nikaegemeza ngazi ukutani, nikachungulia paneli. Vumbi la malori ya viwanda vya Zegereni lilikuwa limegandamana juu yake, kunguru nao wakamalizia kwa namna yao. Ungeweza kupanda mchicha. Nikamwambia mama betri hazijafa, zina njaa.

"Zaituni, kesho wageni wanakuja. Kesho kaa ndani kama watoto wa wenzio."

"Wanakuja saa nane mchana, mama. Mimi nitaosha asubuhi, kabla kioo hakijapata moto."

Asubuhi nilifanya kila kitu kwa utaratibu. Nikazima swichi nyekundu ya paneli nisije nikapigwa shoti, mashine ikabaki inategemea betri peke yake, nikakadiria itavumilia kama saa moja. Nikapanda na ndoo ya maji na kitambaa laini. Kazi ikaenda vizuri mpaka nilipofika kwenye mavi ya kunguru, ambayo maji matupu yalikuwa hata hayayastui, na badala ya kuyaacha yalowe yalainike nikaona, aah, ya nini kusumbuka, tia sabuni ya unga. Si kijiko. Pakiti nzima.

Paneli zilitakata, nisiseme uongo, nilijiona humo kama kwenye kioo cha saluni. Ila bati nalo lilikuwa limelowa sabuni, na nilipogeuka kuifuata ngazi miguu ikaniaga, nikateleza kwa tumbo mpaka nikadaka fremu ya paneli ya chini, nikabaki hapo. Nikinyanyua goti, nateleza. Nikishusha, nateleza. Ngazi naiona, hatua nne tu. Nikafungua mdomo nimwite mama, na wakati huohuo gari jeupe aina ya Noah likaingia uani. Wageni! Saa tatu asubuhi! (Walipata usafiri wa mapema, nilikuja kuambiwa baadaye, wakaona wasiukatae.) Wajomba zangu wa kuwapokea walikuwa hata hawajatoka kwao Mlandizi.

Shangazi Mwajuma, dada wa marehemu baba, akatoka mbio, akatazama juu, tukakutana macho. Akaweka kidole mdomoni, kisha akawageukia wageni kwa tabasamu.

"Karibuni, karibuni sana! Shikamoo, Mzee Mrisho."

"Marahaba, marahaba," akaitikia mshenga. "Tumewahi, mtuwie radhi. Binti hajambo?"

"Hajambo. Yumo ndani, anajiandaa."

Nikajibana nyuma ya paneli, najiandaa kufa.

Mzee Mrisho akaomba maji anawe vumbi la safari, shangazi akampeleka kwenye tangi. Sasa, mimi ninayehoji kila mtu, kulikuwa na swali moja ambalo sikujiuliza: maji ya bati hili yanakwenda wapi? Yanakwenda kwenye mfereji, mfereji unayapeleka kwenye bomba, na bomba linaingia kwenye tangi letu la maji ya mvua, ambalo siku hizo za kiangazi lilikuwa limebakiza maji kidogo tu chini. Mzee akafungua koki. Likatoka povu. Akanawa, akanusa viganja.

"Kibaha mmeendelea," akasema. "Koki inatoa maji na sabuni yake!"

Wenzake wakacheka. Shangazi naye akacheka, lakini kile kicheko chake nakijua, ni cha mtu anayetafuta fimbo.

Na hapo kengele ya mashine ikaanza kulia. Mama, aliyekuwa ndiyo kwanza anasalimia wageni, akanyanyuka, akaingia, nikamsikia kupitia dirishani anasema kwa sauti ndogo, "Basi tena." Alidhani betri ndiyo zimekata roho. Hakujua kuhusu swichi, kwa sababu mimi mjuaji sikumwambia. Nikinyamaza, heshima ya posa inabaki, vifaranga wanakufa. Nikaipima ile "basi tena" ya mama, nikajaza mapafu.

"Mamaaa! Swichi nyekundu! Iwasheee!"

Kwa nguvu ya kupiga kelele nikaipiga teke ndoo, ikaviringika juu ya bati kwa kishindo, ikatua miguuni pa Mzee Mrisho. Wageni wote wakatazama juu. Kengele bado inalia. Kisha ikanyamaza.

"Zaituni!" mama akapaza sauti kutoka ndani. "Taa imekuwa kijani! Joto linapanda, mwanangu! Linapanda!"

Jamani, nilikuwa nimelala kwenye povu kama samaki kwenye karai, lakini furaha ile sijapata nyingine.

Mzee Mrisho akamuuliza shangazi, "Yule juu ni fundi?"

Mama akatokea mlangoni, kichwa juu. "Yule ndiye mwanangu. Ndiye mliyemfuata."

"Basi mshusheni taratibu, asije akavunjika kabla hatujajibiwa."

Wakatandika magunia juu ya bati, wakasogeza ngazi, nikashuka kinyumenyume mbele ya ukoo mzima wa wakwe. Nikapiga goti, povu linachuruzika. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Hebu niambie, sola yangu Kisarawe siku hizi inazima mapema, na fundi kasema ninunue betri."

"Alizipima?"

Mzee alicheka mpaka akaikalia ile ndoo.

Siku ya ishirini na moja mashine ilijaa vifaranga wanaopiga kelele, mama anawahesabu na kukosea na kuanza upya. Fundi alipopita akauliza betri mpya tumenunua wapi. "Hizohizo maiti zako," mama akamjibu.

Siku hizi naosha kwa maji matupu na uvumilivu, bomba la tangi nalichomoa kwanza, na kila aliyemo nyumbani anajua swichi iko wapi. Na nimeapa kwamba siku ya mahari nitakaa chumbani, mlango umefungwa, bila swali hata moja. Posa ilikubaliwa, lakini Mzee Mrisho ametoa sharti: nikija kwao nije na kitambaa changu, sabuni niiache Visiga.